SOMO LA ROBO HII: USHUHUDA WA KWELI HUJENGA IMANI

Maandiko ya kusoma: Yohana 9:1-25, Marko 5:18-20, Luka 19:1-10, 2 Timotheo 1:5



Robo hii tunajifunza juu ya ushuhuda, yaani mtu kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyomjua Kristo, ili mwingine naye apate kumwamini.

Kwa nini somo hili sasa?

Tunapozika mzee hapa Endasak, husomwa wasifu wa marehemu. Tunaambiwa alizaliwa lini, alioa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Jinsi alivyomjua Bwana hutajwa kwa sentensi moja, au haitajwi kabisa. Baadhi ya wazee hawa walibatizwa wakiwa watu wazima, katika miaka ile ambayo kazi ya Kilutheri ilikuwa changa katika Mbulu na Hanang. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari kutoka Norway, ilifunguliwa mwaka 1955. Walioiona miaka ile kwa macho yao wamebaki wachache. Waliacha mambo waliyoyazoea, wengine wakagombana na ndugu zao kwa ajili ya jina la Yesu. Wajukuu wao wamezaliwa ndani ya Kanisa, wamebatizwa, wamepata Kipaimara, lakini hawajui babu alivuka mto gani. Kila tunapozika mzee kabla hajasimulia, tumezika na habari yake.

Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nyumba ile haikuwa na mhubiri mkubwa. Ilikuwa na bibi na mama ambao imani yao ilijulikana kwa mtoto.

Tujifunze kutoka Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho huu ulianza kuonekana Gahini, Rwanda, na huko Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walikutana Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Kutoka hapo moto ulisambaa hadi Kenya na Tanganyika, ukafika Bukoba katika Kanisa la Kilutheri. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Chombo chao kikubwa kilikuwa ushuhuda. Mkulima, mwalimu na mke wa mchungaji walisimama mbele ya wenzao, wakaungama, wakaeleza jinsi damu ya Yesu ilivyowasafisha. Waafrika na wamisionari waliombana msamaha. Wengi walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani, kama Zakayo. Majirani waliokuwa hawaendi kanisani waliamini kwa sababu ng'ombe au fedha ilirudi.

Lakini Uamsho ulikuwa na majeraha pia. Wengine waliungama mambo ya aibu hadharani kwa kirefu, hata watu wa nyumbani mwao wakaaibika. Wengine waliwahukumu Wakristo wenzao ambao hawakushuhudia kama wao. Kwa hiyo tuchukue moto ule, tuyaache yale yaliyounguza.

Kosa langu mwenyewe

Naomba nami nishuhudie. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mzee, mwanachama wa kikundi kimoja cha akina mama tunaofanya nao kazi, alieleza jinsi alivyoacha kupika pombe baada ya kumpokea Yesu. Aliongea kwa dakika kama tano. Nikaandika habari yake katika taarifa ya mradi, pamoja na picha. Niliona maneno yake ni machache mno, basi nikaongeza habari za ulevi wa marehemu mumewe, nilizozisikia kwa wengine. Maneno yake juu ya Yesu niliyafupisha, kwa kuwa taarifa ilikuwa ya mradi wa kuku.

Taarifa ile ilirudi hadi kijijini. Mjukuu wake akaisoma, akamsomea bibi. Nilipokwenda kumsalimu, alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Mwanangu, mimi niliwapa habari za Yesu. Wewe umeandika habari za mume wangu, naye amelala, hawezi kukujibu." Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Lakini tangu siku ile hakusimama tena kushuhudia kikundini. Sauti moja iliyokuwa ikiwajenga wenzake ilinyamaza kwa sababu ya kalamu yangu.

Mambo matano ya kuzingatia

1. Ushuhuda uwe wa kweli. Yule kipofu wa Yohana 9 aliulizwa maswali mengi ya elimu ya dini. Hakujifanya anajua. Alisema lile moja alilolijua: alikuwa kipofu, na sasa anaona. Usiongeze dhambi ambazo hukutenda ili wokovu wako uonekane mkubwa.

2. Ushuhuda uwe wako. Eleza dhambi yako, usieleze ya mumeo, mkeo au mkwe wako. Ikiwa habari yako haiwezi kusemwa bila kumgusa mwingine, zungumza naye kwanza. Na mambo mengine yanamfaa mchungaji peke yake.

3. Kristo awe katikati. Mtu akitumia dakika tisa kueleza ulevi na dakika moja kumtaja Yesu, vijana watakumbuka ulevi.

4. Uanzie nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Mtu yule wa Marko 5 alitaka kusafiri na Yesu, akatumwa kwa watu wa kwao. Paulo naye, mbele ya umati kule Yerusalemu (Matendo 22), alishuhudia kwa Kiebrania, na watu wakazidi kunyamaza wamsikilize. Kwetu bibi anayebabaika kwa Kiswahili pale madhabahuni anaweza kusema vizuri sana kwa Kiiraqw au Kidatoga akiwa jikoni kwake.

5. Usimjeruhi aliyefiwa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji jirani. Baada ya msiba kama ule, mtu aliyepona hushukuru, na ni haki yake. Lakini akisema, "Mimi niliomba, ndiyo maana nikapona," jirani aliyezika watoto atajiuliza kama yeye hakuomba. Aliyepona amshukuru Mungu, kisha akae pamoja na anayelia.

Je, waliolelewa Kanisani hawana ushuhuda?

Sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga. Vijana wengi huniambia, "Mimi sina la kusema, sikuwahi kuwa jambazi." Katekisimo Ndogo ya Luther inatufundisha kwamba ubatizo ni jambo la kila siku: utu wa kale unazamishwa kwa toba, na mtu mpya anafufuka. Kwa hiyo mwulize kijana: ni lini uliomba msamaha kwa kweli? Ni lini uliogopa, ukakumbuka kwamba Bwana yupo? Ni nani aliyekufundisha kuomba? Huo ni ushuhuda, hata kama hauna siku wala saa ya kutaja.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu, tunajua mnapenda kusikia habari za watu, maana mmetoa kwa upendo. Tunawaomba mpokee habari fupi na za kawaida. Mama aliyepata mbuzi hadaiwi ushuhuda kama malipo ya mbuzi. Akishuhudia, na iwe kwa sababu Bwana amemgusa. Tangu kosa lile, mimi humsomea mtu niliyoyaandika kabla sijayatuma, na akisema neno hili litoke, linatoka.

Kazi kwa kamati za sharika

Tunaomba kila mtaa uwatembelee wazee watatu kabla ya robo ijayo. Nendeni na mwanakipaimara mmoja. Mzee asimulie kwa lugha yake, kijana aandike, kisha amsomee mzee alichoandika. Daftari likae ofisini kwa usharika, na nakala moja ibaki kwa familia.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, watoto wako wanajua jinsi ulivyomjua Kristo? Uliwaambia lini?
2. Je, kuna deni au kitu cha kurudisha ambacho kinazuia ushuhuda wako usiaminiwe na majirani?
3. Je, usharika wetu umewahi kumwaibisha mtu kwa ushuhuda? Tufanye nini sasa?

Tuombe: Bwana Yesu, ulitutafuta tukiwa bado mbali. Utupe vinywa vya kweli, na masikio ya kuwasikiliza wazee wetu wakiwa bado pamoja nasi. Yule aliyenyamazishwa na makosa yetu, umrudishie sauti yake. Amina.

Mratibu wa Miradi