Ukiugua Ugenini

Mtalii anayeugua ghafla Bangkok au Mumbai mara nyingi hukimbilia hospitali binafsi. Huduma ni ya haraka, lakini kabla ya kulazwa huenda akadaiwa amana, au barua ya dhamana kutoka kampuni ya bima. Basi wapigie bima mapema. Bima nyingi za safari hazilipii maradhi ya zamani, kama kisukari na presha, hasa ukiyaficha (na kuyaficha si ujanja). Viza ya Schengen hudai bima isiyopungua yuro 30,000. Nchi nyingi hazikuulizi, na hapo ndipo watu hujisahau. Ukiruhusiwa, usitoke bila ripoti ya daktari, majibu ya vipimo na risiti yenye mchanganuo. Daktari wako wa nyumbani atavihitaji.