Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya: Somo kwa Kamati za Parokia



Katika miezi ya karibuni tumepokea barua tatu kutoka kamati za parokia, zote zikiomba jambo lile lile: kompyuta mpakato mpya, kwa sababu iliyopo "imechoka". Tunaielewa hali hiyo. Sisi wenyewe mwaka jana tulikuwa tumekwisha kuandika ombi kama hilo kwa mfadhili, na hati ya bei ya dukani tunayo kwenye jalada: shilingi 1,450,000. Ombi lile hatukulituma. Makala hii inaeleza sababu, na hatua tulizopitia, ili kamati yenye kompyuta ya umri huo iweze kupima na kuamua yenyewe.

Kompyuta tunayoizungumzia ilinunuliwa mwaka 2014. Hutumiwa na mweka hazina wa vikundi vya akiba na mikopo, na ndani yake mna hisa, mikopo na marejesho ya kila mwanachama. Kwa muda mrefu ilikuwa kichekesho cha ofisi: mweka hazina anaiwasha, anakwenda kuchemsha chai, anarudi bado haijafunguka. Kisha ikafika siku ya kugawana akiba mwishoni mwa mwaka. Wanachama wameketi chini ya mwembe tangu saa mbili asubuhi, na kompyuta imekwama kwenye hesabu za kikundi cha kwanza. Baada ya saa nzima kina mama wa nyuma wakaanza kunong'onezana kwamba huenda fedha hazipo. Fedha zilikuwepo, senti kwa senti. Lakini kikundi cha akiba huishi kwa kuaminiana, na minong'ono ile ilituchukua mikutano miwili kuituliza.

Tatizo liko wapi hasa?

Wengi hudhani kompyuta huzeeka yote kwa pamoja, kama shati. Sivyo. Inafanana zaidi na baiskeli: tairi huisha wakati fremu ingali nzima. Katika kompyuta za miaka ile, sehemu inayochosha mwendo mara nyingi ni diski ya kuhifadhia kazi. Ndani yake mna sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kijiti kinachokwenda huku na huko kusoma na kuandika. Programu za siku hizi huomba vitu vidogo vidogo vingi kwa wakati mmoja, na kijiti kile hakiwahi.

Kuhakikisha ni rahisi. Ikiwa kompyuta yenu inatumia Windows, bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha tazameni mstari wa diski. Ukikaa kwenye asilimia 100 muda mrefu huku hakuna kazi kubwa inayofanyika, mmempata mhusika. Tazameni pia mstari wa kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Yetu ilikuwa na GB 4, na ilijaa mara tu tulipofungua intaneti pamoja na jedwali la hesabu.

Tuliweka pia programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo husoma afya ya diski. Ilitupa onyo la rangi ya njano: sehemu za diski zilikuwa zimeanza kuharibika. Hapo tukaacha kila kitu tukafanya kazi moja tu.

Nakala kwanza

Tunaomba radhi kwa kulikazia jambo hili, lakini tumeungua. Miaka kadhaa iliyopita tulimpelekea fundi kompyuta nyingine "aisafishe". Aliisafisha kweli kweli: alifuta diski yote na kuweka Windows upya bila kuuliza. Kumbukumbu za miaka miwili za kamati za visima zilipotea, tukalazimika kuzunguka kijiji kwa kijiji kunakili tena kutoka kwenye madaftari ya makatibu. Fundi alikosea, na sisi tulikosea zaidi, maana hatukuwa na nakala hata moja.

Kwa hiyo, kabla ya bisibisi kuguswa, nakilini mafaili yote kwenye diski ya nje, na yale ya fedha yawekeni pia kwenye flashi itakayofungiwa kabatini. Kisha fungueni baadhi ya mafaili hayo kwenye kompyuta nyingine kuona kama yanafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa si nakala. Andikeni pia nywila zote na majina ya programu mnazotumia, na jina la printa. Mambo haya madogo ndiyo hupoteza siku nzima baadaye.

Tulichobadilisha

Diski mpya ni ya aina ya SSD. Haina kitu kinachozunguka. Hufanya kazi kama flashi, ila kwa kasi na uimara zaidi. Kwa kompyuta za umri wa ile yetu huchukuliwa ile ya inchi 2.5, inayoingia mahali pale pale pa diski ya zamani. Kompyuta zilizotengenezwa karibuni hutumia kijiti chembamba kinachochomekwa kwenye bodi, na vijiti hivyo navyo ni vya aina mbalimbali zisizoingiliana, kwa hiyo fungueni kompyuta mtazame kabla ya kununua. Sisi tulichukua ya GB 240. Mradi wa hesabu na barua hauhitaji zaidi.

Kumbukumbu ndiyo inayowakosesha watu fedha, kwa kuwa vipande hufanana kwa macho. Kuna DDR3, DDR3L na DDR4. DDR4 haiingii kabisa kwenye nafasi ya DDR3, kwani pengo lake la katikati liko mahali tofauti. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5 na DDR3L volti 1.35, na kompyuta nyingi za kuanzia mwaka 2013 huitaka hiyo yenye herufi L. Njia salama ni kuchomoa kipande kilichomo, kwenda nacho dukani na kulinganisha maandishi. Tuliongeza kipande cha GB 4 kilichotumika, tukawa na GB 8.

Betri ilikuwa imekufa, tukanunua nyingine. Tukabadilisha pia kibetri cha duara cha CR2032 kilichomo ndani. Bei yake ni ndogo mno, lakini kilitufundisha jambo: kinapokwisha, saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma, na kurasa za intaneti, hata ya benki, hukataa kufunguka kwa sababu kompyuta inadhani vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Mweka hazina alikuwa ameilaumu mitandao ya simu kwa miezi mingi.

Haya ndiyo matumizi yetu: SSD shilingi 85,000, kumbukumbu 30,000, betri 75,000, kibetri 2,000, fundi 20,000. Jumla 212,000. Bei hupanda na kushuka, hasa za kumbukumbu, kwa hiyo ulizeni upya. Nunueni kwenye duka linalotoa risiti ya EFD na kukubali kurudishiwa. Flashi na diski za bandia zipo, zinazoandikwa ukubwa ambao hazina; ya bei ya ajabu iacheni dukani.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mmoja. Zimeni kompyuta, chomoeni chaja na betri, gusa kwanza chuma kisichopakwa rangi ili umeme wa mwilini uondoke, na skrubu zipangeni kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Mkikuta betri imevimba, msiibonyeze wala kuitoboa, na msiendelee kuitumia hata siku moja. Feni yetu ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Baada ya kusafisha, kompyuta iliyokuwa ikichukua zaidi ya dakika nne kuwaka sasa inawaka kabla ya nusu dakika kwisha.

Swali la Windows

Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kuongeza diski na kumbukumbu hakubadilishi hilo. Kwa kompyuta inayoshika fedha za watu, hatukuona kuwa ni haki kubaki bila kinga. Tuliweka Linux Mint, mfumo wa bure. Toleo lake la 22 lina ahadi ya marekebisho hadi mwaka 2029. Barua na majedwali tunafanyia LibreOffice. Wasomaji wa zamani watakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Ni jamaa wa ukoo huo huo.

Hatutaki kupamba. Wiki mbili za kwanza mweka hazina alinuna. Na fomu moja ya taarifa ya mfadhili, yenye hesabu zinazojiendesha zenyewe ndani ya Excel, haikufanya kazi; mpaka leo tunaijazia kwenye kompyuta nyingine. Kamati yenye fomu nyingi za namna hiyo ijaribu kwanza kwa kutumia flashi, kwani Linux huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

Zisizofaa kutengenezwa

Zipo. Kompyuta ya biti 32 tu, iacheni. Mifumo mingi mipya imeacha kuihudumia. Zile ndogo za bei nafuu ambazo kumbukumbu na diski vyote vimechomelewa kwenye bodi hazina pa kuongezea. Iliyovunjika kioo, bawaba na kibodi kwa pamoja itawala fedha kipande kwa kipande. Sisi tulijiwekea kiwango: gharama ikizidi theluthi ya bei ya mpya, tunaacha. Kamati yenu inaweza kuweka chake, ila kiwekwe kabla fundi hajaanza kazi.

Diski ya zamani msiitupe jalalani wala msimwachie fundi. Ina majina ya watu, namba za simu na madeni yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi. Yetu, kwa kuwa ilikuwa mbovu, tuliifuta kisha tukaitoboa kwa drili mbele ya mashahidi wawili. Kwenye daftari la mali tukaandika vipande vilivyoingia na vilivyotoka, pamoja na risiti.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Ruhusuni tuseme waziwazi: bajeti nyingi tunazopewa zina kifungu cha kununua vifaa lakini hazina kifungu cha matengenezo. Kuomba shilingi 1,450,000 kulikuwa rahisi kuliko kuomba 212,000. Hizi za pili zilitoka kwenye mchango wa kamati yenyewe, na taarifa yetu ya mwaka haikuwa na mahali pa kuzionyesha. Kifungu kidogo cha matengenezo, hata kwa parokia tano kwa pamoja, kingetufaa.

Na kwa wale wanaotutumia kompyuta zilizotumika: tafadhali ondoeni nywila ya kuwashia kabla ya kufunga sanduku, na chaja yake iwemo. Mbili tulizopokea zimefungwa kwa nywila za kampuni zilikotoka, na ziko rafuni hadi leo.