Makanika wa ndege na mpenda pikipiki, yachunge masikio yako

Ikiwa kazi yako ni kukarabati injini za ndege pale Wilson au Embakasi, na siku za mapumziko huipanda pikipiki yako ukapunga upepo kuelekea Ngong au Magadi, makala haya yanakuhusu wewe kwanza. Lakini hata wewe unayefua vyuma Gikomba au kuendesha bodaboda, usifungue ukurasa mwingine. Masikio ni yale yale.

Makanika hodari hutumia masikio yake kama atumiavyo spana. Husikia injini imebadili mlio na akajua mahali pa kuanza kutafuta kasoro. Kwa hivyo anayepoteza usikivu hapotezi tu mazungumzo ya nyumbani, bali pia kifaa cha kumpatia riziki.

KELELE HUDHURU SIKIO VIPI?

Sauti hupiga ngoma ya sikio, na mtikisiko wake hupitia vifupa vitatu hadi kwenye kiungo cha ndani kilichojiviringa kama kombe la konokono. Humo mna seli 15,000 hivi zenye vinyweleo vidogo mno. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe unaofika kwenye ubongo.

Kelele kali huzichosha seli hizi. Zikipata utulivu, hupata nafuu. Zikipigwa tena na tena kabla ya kupumzika, hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hakuna kidonge, sindano wala mitishamba ya kuzirejesha.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Maongezi ya kawaida huwa kama desibeli 60. Wataalamu wengi hukubali kuwa mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku bila hatari kubwa. Lakini kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya kelele huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa moja, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Injini ya jeti ikiwashwa karibu nawe yaweza kufika desibeli 140, kiwango kinachoweza kuumiza sikio papo hapo.

Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ndipo usikike na mtu aliye umbali wa mita moja, mahali hapo pana kelele ya kudhuru.

PIKIPIKI NAYO?

Wengi hudhani hatari ya pikipiki ni mlio wa injini. La hasha, adui mkubwa ni upepo. Unapokwenda kilomita 100 kwa saa, upepo unaozunguka helmeti hutoa kelele inayoweza kupita desibeli 95 sikioni mwako. Helmeti hulinda ubongo, na lazima uivae, lakini haizuii kelele hiyo. Hata saa moja haiishi kabla ya kuvuka mpaka wa usalama.

Sasa jumlisha. Makanika ameshinda siku nzima karibu na injini, kisha badala ya kuyapumzisha masikio anayapeleka kwenye upepo wa barabara kuu. Sikio halijui tofauti ya kelele ya mshahara na kelele ya starehe. Vyote huandikwa kwenye daftari moja.

DALILI ZAKE

Uziwi huu hauumi, na huja polepole kwa miaka. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hawaji kliniki kwa hiari yao, bali huletwa na wake zao waliochoka kurudia maneno. Angalia dalili hizi:

- Masikio kuvuma au kulia kama nyenje baada ya kazi au safari.
- Kusikia kana kwamba umezibwa masikio kwa pamba, kisha kupata nafuu asubuhi.
- Kusikia sauti bila kuelewa maneno, hasa ya wanawake na watoto.
- Kuongeza sauti ya redio hadi jirani analalamika.

Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, aghalabu zile za karibu Hertz 4,000. Hivyo irabu husikika lakini konsonanti kama s, f na sh hutoweka. Mtu akisema "fika" wewe wasikia "shika", na unadhani watu siku hizi wananong'ona.

UFANYE NINI?

Kwanza, vaa kinga wakati wote wa kelele. Tuseme vizibo vyako hupunguza desibeli 30. Ukivitoa kwa nusu ya zamu, kinga yako ya siku nzima hushuka hadi desibeli 3 hivi. Kuvivaa "mara kwa mara" ni karibu sawa na kutovivaa.

Pili, vivae sawasawa. Nawa mikono uondoe grisi. Kisokote kizibo cha sponji kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika kipanuke. Karibu na injini inayonguruma, vaa pia vifunika masikio juu ya vizibo. Havitajumlisha nguvu zao zote, lakini vitaongeza desibeli 5 hadi 10.

Tatu, vaa vizibo unapokwenda mwendo wa kasi kwa pikipiki. Huenda ukahofia kutosikia honi. Kumbuka kwamba kwa mwendo huo ni upepo unaoifunika honi, na vizibo hupunguza sauti, haviziui. Usiondoe silensa kwenye bomba la moshi, wala usijaribu kushinda upepo kwa muziki ndani ya helmeti.

Nne, jihadhari na thina na viyeyusho vya kusafishia vipuri. Baadhi ya kemikali hizi, kama toluini, hudhuru sikio, na zikikutana na kelele madhara huzidi. Fanyia kazi hiyo mahali penye hewa ya kutosha.

Tano, pimwa usikivu kila mwaka. Nenda baada ya kupumzika mbali na kelele kwa saa 14 au zaidi, la sivyo kipimo kitakudanganya. Daktari akitaka kukupa dawa ya sindano kama gentamisini, mwambie kazi yako, kwani dawa hiyo yaweza kudhuru masikio.

Ujue pia haki yako. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kelele ikipita desibeli 85, mwajiri anatakiwa kuwa na mpango wa kuhifadhi usikivu. Uliza mpango huo uko wapi.

Mwisho, sikio moja likizibika ghafla kwa siku moja au mbili, usingoje wala usichokoe kwa njiti ya kiberiti. Fika hospitalini siku hiyo hiyo. Hali hiyo mara nyingine hutibika, lakini kila siku unayochelewa hupunguza matumaini.

Fundi anaweza kuibadilisha injini iliyochakaa akafunga mpya. Masikio uliyozaliwa nayo hayana vipuri.