MAJI YA GOTI YANA HABARI



Somo letu la leo ni la afya. Linahusu viungo vya mwili, yaani pale mfupa unapokutana na mfupa mwenzake: goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Soma polepole, kisha umsomee jirani yako. Mwisho kuna maswali.

Wazee wawili, ugonjwa unaofanana

Tuchukue mfano. Wazee wawili wametoka harusini. Wote wamekula nyama, wote wamekunywa pombe. Baada ya siku mbili kila mmoja anaamka goti limevimba. Ukiligusa lina moto. Hata shuka likipita juu yake, mzee anapiga kelele. Majirani wanasema, "Hilo ni jongo tu. Nyama za harusi hizo! Nunueni vidonge dukani, mtapona."

Je, majirani wamesema kweli? Kwa mzee mmoja ndiyo. Kwa yule mwingine wamekosea, na kosa hilo linaweza kumpotezea mguu. Tuone kwa nini.

Jongo ni nini?

Jongo, ambalo wengine huliita gauti, linatokana na kitu kiitwacho asidi ya yuriki. Mwili huitengeneza wenyewe, na nyingine hutokana na chakula. Kwa kawaida figo huitoa kwa njia ya mkojo. Ikizidi katika damu kwa muda mrefu, inaweza kuganda ndani ya kiungo ikawa fuwele ndogo sana, kama chumvi inavyojitokeza maji ya bahari yakikauka. Mwili hupigana na fuwele hizo, na ndipo kiungo huvimba. Mara nyingi jongo huanzia kidole gumba cha mguu, lakini goti nalo hushikwa.

Ugonjwa wa pili unaofanana nalo ni usaha katika kiungo. Huu huletwa na bakteria. Pengine wameingia kwa kidonda kidogo tu, wakasafiri katika damu mpaka gotini. Mzee wetu wa pili alijikata unyayo kwa jembe wiki moja kabla ya harusi. Kidonda kilifunga juu, naye akakisahau.

Kwa macho, magoti haya mawili ni sawasawa. Homa nayo huwezi kuitegemea, maana mwenye jongo anaweza kuwa na homa, na mwenye usaha, hasa mzee au mtu dhaifu, anaweza asiwe nayo. Hata kupima asidi ya yuriki katika damu hakutoshi. Mtu anaweza kuwa na jongo kali na siku hiyo damu ikaonyesha kiasi cha kawaida. Mwingine damu yake ina asidi nyingi, wala hana jongo. Basi inabidi kuuliza goti lenyewe, kwa kupima maji yake.

Maji hutolewaje?

Goti zima lina maji kidogo tu ya kulainisha, hayafiki kijiko kimoja cha chai. Likiugua hujaa. Mganga husafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, anaweza kutia ganzi, kisha huingiza sindano na kuvuta maji. Ni kazi ya dakika chache.

Watu wengi wanaogopa. Husema, "Mwanangu, ukinitoa maji si goti litakauka?" Hapana, baba, halikauki. Mwili hutengeneza maji mengine. Tena maji yakipungua, maumivu nayo mara nyingi hupungua.

Maabara huangalia nini?

1. Sura ya maji. Maji ya goti zima huvutika kama ute wa yai. Yako wazi, hata ukiweka gazeti hili nyuma ya chupa yake utasoma maandishi. Ya goti gonjwa huwa mepesi na yenye ukungu, au mazito kama usaha. Lakini sura peke yake haitoshi, kwani maji ya jongo pia yanaweza kufanana na usaha.

2. Chembe nyeupe za damu. Hizi ni askari wa mwili. Katika goti zima hazizidi 200 kwa kila milimita moja ya ujazo. Katika jongo mara nyingi huwa kati ya 2,000 na 50,000. Zikizidi 50,000, mganga hushuku bakteria zaidi, ingawa jongo nalo linaweza kufika huko.

3. Bakteria. Maji hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mengine huwekwa mahali pa kuotesha bakteria kama tunavyootesha mbegu. Jibu la kuotesha huchukua siku moja au zaidi.

4. Fuwele. Mwaka 1961, huko Marekani, madaktari Daniel McCarty na Joseph Hollander walionyesha kuwa fuwele za jongo hutambulika kwa hadubini yenye mwanga maalumu. Zina umbo la sindano, nazo hung'aa njano au bluu kufuatana na zilivyolala. Mwaka uliofuata McCarty na wenzake walieleza fuwele nyingine, fupi na za pande nne, zenye madini ya chokaa. Ugonjwa wake huitwa jongo la uongo.

Mganga akiona fuwele, bado huwatafuta bakteria. Jongo na usaha vinaweza kukaa katika goti moja.

Basi wazee wetu wakaendaje?

Mzee wa kwanza alionekana na fuwele za sindano, bila bakteria. Alipewa dawa ya jongo akarudi nyumbani. Mzee wa pili alionekana na bakteria. Alilazwa siku ile ile, usaha ukatolewa, akapewa dawa kwa sindano. Angekaa nyumbani na vidonge vya maumivu, usaha ungekula gegedu katika siku chache tu. Mguu ungekakamaa, na bakteria wakienea katika damu wanaweza kuua.

Mambo ya kushika

- Kiungo kikivimba ghafla na kuwa na moto, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama hakuna kipimo, omba upelekwe hospitali kubwa.
- Usichanje goti kwa wembe. Unaweza kuwafungulia bakteria mlango.
- Usimeze dawa za kuua bakteria za dukani kabla ya kupimwa. Zinaweza kuwaficha bakteria wasiote, na mganga akakosa jibu.
- Mweleze mganga kidonda chochote ulichopata, hata kidogo.

Maana ya maneno

Fuwele: chembe ngumu zinazotokea kitu kikiganda.
Gegedu: nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa katika kiungo.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.

Maswali

1. Kwa nini majirani walidhani wazee wote wawili wana jongo?
2. Kwa nini kupima damu peke yake hakutoshi?
3. Taja mambo manne yanayoangaliwa katika maji ya goti.
4. Jadilianeni: hapa kijijini kwetu, mtu akivimba goti usiku, tutamfikishaje hospitali?