Ng'oa spesa kwanza, ng'ombe wabaki malishoni

*Mzee wa Gereji, mimi ni kijana wa Kinna, mfanyabiashara mdogo. Nina Probox ya mwaka 2012. Alfajiri napanda nayo Maua, napakia miraa, viazi na mboga, kisha nateremka kurudi nyumbani, na siku nyingine nasonga mbele hadi Garba Tulla. Mwaka jana jiwe lilitoboa sampu ya oili nikalala njiani na mzigo ukanyauka. Fundi akaniwekea spesa za kuinua gari, inchi moja na nusu mbele na inchi mbili nyuma. Mawe sasa siyaogopi, lakini kwenye kona za kuteremka kutoka Maua gari linalala kama linataka kupinduka, na nikigusa breki mkia unajirusha. Mke wangu amekataa kulipanda. Rafiki yangu wa Nairobi ananiambia niuze ng'ombe wawili ninunue koilova, zile shoki na springi za mashindano unazopandisha na kushusha mwenyewe kwa spana, na niongeze rimu pana. Nifuate ushauri wake?*

*Dereva, Kinna*

Kijana wangu, msikilize mkeo. Yeye hajui koilova ni nini, lakini amekaa kiti cha abiria na mwili wake umempa jibu ambalo wewe unalitafuta kwa barua.

Ng'ombe wasiuzwe. Angalau si kwa ajili hiyo.

Nyumbani kwenu umeona punda anavyopakiwa madumu ya maji. La lita 20 linafungwa huku, la lita 20 kule, yakining'inia chini ya mgongo. Hakuna mama wa Kinna atakayeyapanga yote juu ya tandiko kisha amswage punda kwenye mteremko wa mawe. Punda ni yule yule na uzito ni ule ule, ila mzigo ukipanda juu, mteremko mdogo unatosha kumwangusha. Fundi wako amefanya hivyo kwa Probox. Kaliinua bodi lote, injini, abiria na viazi, bila kuyaongezea magurudumu nafasi hata kidogo kati ya kulia na kushoto. Wewe nawe, nakuona kwa macho ya moyo, juu ya hayo umefunga magunia ya miraa kwenye keria.

Spesa ni kipande tu cha chuma, alumini au plastiki ngumu. Haiongezi nguvu ya springi. Haiongezi urefu wa shoki. Mbele inaketi juu ya shoki na kulisukuma bodi mbali na gurudumu, kwa hiyo amu za chini zinainama zaidi, shafti zinazozungusha magurudumu zinapinda kuliko zilivyokusudiwa, na sivii jointi, viungo vya shafti hizo, zinaanza kulia tak-tak-tak ukikata kona ya kuingia nyumbani. Sikiliza vizuri, huenda zimeshaanza.

Nyuma ndiko kwenye ugonjwa wako hasa. Kwenye Probox ya mwaka huo, springi za nyuma zimeketi peke yake na shoki peke yake. Fundi ameweka inchi mbili kwenye springi, bodi likapanda, na shoki zile zile zikavutwa zikanyooka. Shoki ina safari mbili, ya kubonyea gurudumu linapopanda jiwe na ya kunyooka linapoingia shimoni. Safari ya pili umeila sehemu kubwa gari likiwa limesimama tu mbele ya duka. Sasa teremka kutoka Maua ukanyage breki. Uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inainuka, shoki zinafika mwisho wa kunyooka, na gurudumu la nyuma linabaki likigusa lami kwa ncha za vidole. Hapo mkia haukosi kujirusha.

Kabla sijafika kwenye koilova, nikuambie kilichonipata mimi, kwa sababu nilikuwa mjinga wa upande mwingine. Zamani nilikuwa na Peugeot 504. Nilitaka ikae chini, ikate kona kama za wale vijana wa mjini. Fundi mmoja, na sitamtaja kwa kuwa alinipa nilichokiomba, alichukua moto wa gesi akakata pete moja ya kila springi ya mbele. Gari lilipendeza kwa wiki mbili. Springi ikishapigwa moto inapoteza ule ugumu uliowekwa kiwandani, na ikiwa fupi haikai tena sawasawa kwenye kikombe chake. Siku moja nilivuka tuta, gurudumu likaning'inia, nikasikia kishindo cha chuma kwa chuma. Springi ilikuwa imetoka mahali pake. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea, gari likiegemea kama mzee mwenye nyonga mbovu. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia "tukate kidogo", mshukuru uondoke.

Koilova si wizi. Ni kifaa kizuri mahali pake, na mahali pake ni barabara laini kama meza. Kwenye lami ya namna hiyo gari la chini lenye springi ngumu halilali, na kila tairi linakaa mahali pake. Lakini wewe ukiiacha lami unakutana na mawe yaliyomwagwa na volkano za Nyambene, na murram iliyokunjamana kama mabati. Juu ya mabati hayo springi ngumu haina muda wa kubonyea. Tairi linaruka kutoka ukingo hadi ukingo, na muda linapokuwa hewani, hata sentimita moja, halina breki wala usukani. Gurudumu lisilogusa ardhi halikati kona, hata uwe umelinunulia vifaa vya ng'ombe kumi.

Waliojua hili kuliko sote ni madereva wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, na kwa miongo mingi yalikimbizwa kwenye barabara zetu hizi hizi za vumbi na matope. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544, gari ambalo hata siku hizo lilionekana kama la mjomba wa zamani. Akaja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Magari ya Safari hayakukaa chini. Yaliinuliwa, yakapewa springi zenye safari ndefu na shoki imara za kuzituliza, na tumbo likavishwa bamba la chuma. Ukitaka kumwiga mtu wa mashindano, mwige huyo, usimwige wa video za lami ya ng'ambo.

Basi tufanye kazi. Asubuhi kabla ya jua kuchoma, gari likiwa tupu, simama kwenye kona moja ya bampa uibonyeze chini kwa uzito wako wote, kisha uachie ghafla. Inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, shoki ya upande huo imekufa hata kama haivuji. Zunguka kona zote nne. Kisha lala chini utazame mwili wa shoki. Ukiona vumbi limegandamana na mafuta kama uji uliokauka, habari ni ile ile. Pitisha kiganja juu ya tairi pole pole. Ukihisi mabonde na vilima kama vikombe vidogo vimepangwa, tairi limekuwa likidunda barabarani muda mrefu.

Halafu inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni boli jointi au beringi. Shika kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, tairodi imekwisha. Mwambie kijana wa kazi atikise huku wewe ukiwa na tochi chini, uone ni kiungo gani hasa kinachohama. Zitazame pia bushi za amu. Mpira uliopasuka na kutoka nje kama ulimi wa mbwa mchana wa Kinna hauwezi kushika gurudumu mahali pake. Lingi za stabilaiza nazo ni rahisi kujulikana, zikifa zinagonga kong'o-kong'o kwenye mawe madogo. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachoisaidia stabilaiza, ile fito inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto, izuie bodi kulala. Wengi wananunua rimu pana huku lingi zimekatika.

Sasa maagizo yangu. Spesa zote zitoke. Najua utauliza habari za sampu, na swali ni la haki: funga sampu gadi, bamba la chuma lililofungwa kwa boliti kwenye fremu ya chini, lenye tundu la kumwagia oili. Kazi hiyo fundi wa kulehemu Maua au Isiolo mjini anaiweza. Jiwe litagonga bamba, litapiga kelele, na wewe utaendelea na safari. Nyuma weka springi mpya za mzigo, zilizotengenezwa ngumu kidogo kuliko za kawaida, pamoja na shoki zinazolingana nazo. Zikikuinua kidogo, sawa, kwa sababu hapo urefu umekuja pamoja na nguvu ya kuubeba. Mbele weka springi za kawaida za gari lako na shoki mpya.

Kwenye shoki ndipo pesa yako iende. Tumezoea kusema springi inabeba gari, na ni kweli, lakini anayeizuia springi isidunde bila kikomo ni shoki. Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Barabara ya mabati inaifanyisha kazi mara nyingi kwa kila sekunde, oili inapata moto, inachanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana baada ya mwendo mrefu gari linaanza kuelea ilhali asubuhi lilikuwa sawa. Nunua shoki za gesi, zenye naitrojeni iliyoshindiliwa ndani, maana zinachelewa kutoa povu. KYB, ambayo mafundi wanaiita Kayaba, na Monroe ni majina yanayojulikana. Lakini jina linabandikwa hata kwenye bandia, hivyo dai risiti na dhamana, na ukiona bei ni nusu ya maduka mengine, ondoka. Ukishuka Nairobi hadi Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utapewa za eksi-Japani, yaani zilizokwisha kutumika huko, kwa bei ya huruma. Springi ya eksi-Japani naweza kuikubali. Shoki, hapana. Hujui imetembea kilomita ngapi, na sili yake imezeeka kwenye kontena. Na zinunuliwe mbili mbili, kushoto na kulia. Shoki mpya upande mmoja na mzee upande wa pili ni gari lenye mawazo mawili.

Bushi za poliyurethini utaambiwa ni nzuri, na kwa usukani mwepesi wa lami ni nzuri. Kwa vumbi lako zitalia kama kitanda cha zamani na zitataka grisi kila mara. Weka za mpira. Stabilaiza nene usiiguse.

Ukimaliza yote, lipeleke gari kwenye mashine ya alainmenti. Ukibadilisha urefu wa gari, magurudumu yanabadilisha pembe, na ukiacha hivyo tairi mpya litaliwa upande mmoja kabla ya mvua ijayo. Rimu pana sahau. Vaa tairi za mzigo za saizi ya kiwanda, ujaze upepo kulingana na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lililolegea linajikunja ubavu kwenye kona, na dereva analaumu shoki.

Nimebakiza mzigo, na hapa sikubembelezi. Toyota yenyewe iliikadiria Probox ya mizigo kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watano. Pima mwenyewe gunia la viazi la Maua, kisha uhesabu. Vizito vikae sakafuni, vimesukumwa hadi mgongoni mwa viti, visikae mkiani. Gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, na ukirundika uzito nyuma ya ekseli unainua pua, na pua ndiyo inayoshika usukani. Miraa ni nyepesi, itakaa juu ya viazi. Keria ing'oe kabisa, au ibebe kapu la mboga tu.

Halafu mwendo. Wanunuzi wanaisubiri miraa kabla haijanyauka, naelewa, biashara haina subira. Lakini nguvu inayokusukuma nje ya kona haikui sawa na mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 70, nguvu hiyo inakaribia kuwa maradufu. Breki ikanyagwe gari likiwa bado limenyooka, gia ishuke, ndipo uingie konani ukiwa umeshaacha breki. Wewe umeandika "nikigusa breki mkia unajirusha". Kumbe unaigusa ukiwa tayari ndani ya kona. Spesa zina kosa lao, na mguu wako una lake.

Gari hilo ni la biashara, kwa hiyo kila mwaka linakaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama. Wape taarifa watu wa bima pia kuhusu lolote ulilobadilisha, wasije kupata sababu ya kukukwepa siku ya shida.

Kazi ikiisha, teremka Maua mara moja na gari tupu, mara ya pili na mzigo wa kawaida. Mara ya tatu mwombe mkeo apande. Akikaa kimya hadi Kinna, niandikie. Na hizo spesa usizitupe, ya inchi mbili inazuia mlango wa duka vizuri sana siku za upepo.