Ukipima choo, yaelewe majibu

Tumbo linasokota wiki ya pili sasa, umepeleka choo maabara, na majibu yanasema hakuna minyoo. Kabla hujaamua kwamba huna kitu, jua ni kiasi gani kilichopimwa.

Katika kipimo cha kawaida, mtaalamu wa maabara huchota choo cha miligramu 2 hivi kwa ncha ya kijiti, akakikoroga kwenye tone la maji ya chumvi juu ya kioo, kisha akakitazama kwa hadubini. Mayai ya minyoo yakiwa machache, huenda yasiwemo kabisa katika tone hilo. Kipimo cha Kato-Katz huchukua miligramu 41.7, kwa hiyo hunasa zaidi. Ila kioo chake kikicheleweshwa kutazamwa zaidi ya saa moja, mayai ya safura hayaonekani tena.

Muda nao una lake. Aliyeambukizwa kichocho cha tumbo Ziwa Victoria wiki iliyopita hatakutwa na mayai leo, kwani minyoo huhitaji wiki 5 au zaidi ili ikomae na kutaga. Vimelea vya jiadia navyo huonekana siku moja, kesho yake visionekane. Ndiyo maana daktari huweza kuomba choo cha siku 3 tofauti.

Hata ukiambiwa una amiba, uliza zaidi. Amiba inayoleta kuhara damu hufanana kwa hadubini na nyingine isiyo na madhara. Ikionekana imemeza chembe nyekundu za damu, shaka hupungua sana. La sivyo, dalili zako zipimwe pamoja na majibu.

Ili majibu yaaminike:

- Weka choo kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kisichanganyike na mkojo wala maji.
- Choo chepesi kifikishwe maabara ndani ya nusu saa. Amiba hai hufa upesi.
- Mtoto anayewashwa sehemu ya haja kubwa usiku apimwe kwa utepe wa gundi asubuhi, kabla hajaoga. Choo chake mara nyingi hakionyeshi kitu.
- Kwa kichocho cha mkojo, toa mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.
- Taja dawa ulizomeza karibuni, hasa antibiotiki na dawa za minyoo.

Dalili zisipokwisha, rudi kwa daktari na karatasi ya majibu uombe kipimo kirudiwe. Ukiona damu kwenye choo, nenda siku hiyohiyo.