Kuua Katika Picha za Vita Zilizochorwa, na Kuua Katika Nchi ya Bariadi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeipa nafsi ya mwanadamu hishima yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baada ya haya: somo hili lahusu jambo ambalo wazee wengi wa pwani wamelipa kisogo kwa kulidhania kuwa ni mchezo wa watoto, nalo ni zile picha zilizochorwa zendazo kama zilizo hai, ziitwazo katuni, na khasa zile zinazosimulia vita. Mtoto hukaa mbele yake saa mbili au tatu, akaona watu mia wakiuawa, kisha akaitwa kula, akala. Baba yake hamwulizi kitu, kwani kwake yeye zile ni rangi tu.

Hukumu ya kuchora viumbe wenye roho wanazuoni wameisema kwa urefu, na wamekhitalifiana, na mahali pake si hapa. Linalotafutwa hapa ni hili: zile picha humfundisha nini mwenye kuzitazama juu ya kuua? Na jawabu lake halipatikani kwa kuzitukana zote pamoja, kwani ziko zinazofundisha ubaya mtupu, na ziko zilizolisema jambo la kuua kwa ukweli kuliko khutba nyingi.

Nyingi katika picha hizi hutoka Japani. Katika mwaka 1979 mtu aitwaye Yoshiyuki Tomino alitoa kisa cha vita kilichoitwa Mobile Suit Gundam. Humo askari hupigana wakiwa ndani ya mitambo mikubwa yenye umbo la binadamu, na mtazamaji huona chuma kikipambana na chuma, hata akasahau ya kuwa ndani ya kila chuma mna mtu. Shujaa wake ni kijana aitwaye Amuro, ambaye umri wake ni miaka 15 tu, naye ameingizwa vitani bila ya kutaka. Siku moja kijana huyu akaenda kumwona mama yake, na maaskari wa adui wakaingia pale alipo. Naye, kwa kuhofia nafsi yake, akatoa bastola akampiga mmoja wao risasi mbele ya macho ya mama. Mtoto anayetazama hutaraji kwamba mama atamkumbatia mwanawe na kumsifu. Hakumsifu. Alitetemeka, akamlaumu kwa kumpiga mtu risasi, akamwona mwanawe kama mgeni. Kijana akajibu kuwa hivi ni vita. Wala mtunga kisa hakuamua baina yao. Alimwacha mama na uchungu wake, na mwana na udhuru wake, wakaagana hivyo. Katika kisa chote kile pengine hapana mahali palipo na faida kuliko hapa, na ni mahali ambapo mtoto, akitazama peke yake, hupapita upesi akingojea mitambo irudi.

Na asiseme mtu kwamba chuma chenye mtu ndani yake ni mambo ya kubuni tu. Iko katika Tanzania nchi ya Bariadi, ambayo ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliotengwa na Shinyanga katika mwaka 2012. Nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na upande wake wa mashariki imepakana na mbuga za Serengeti. Katika mkoa huo liko pori la akiba la Maswa, na humo, mwezi wa Januari mwaka 2016, Mwingereza aitwaye Roger Gower alikuwa akiruka na helikopta kuwafuatia watu waliokuwa wakiua tembo. Mtu aliyekuwa chini akaipiga helikopta kwa bunduki, risasi ikatoboa chombo ikampata rubani. Naye akajitahidi kukitua chombo, kisha akafa. Aliyelenga kutoka chini aliona kitu kinachonguruma juu ya miti. Uso wa aliyemo hakuuona, wala hakutaka kuuona, kwani angeuona huenda kidole kingelegea.

Walakini kuua kulikoisumbua zaidi nchi ile ya Usukuma si kwa namna hii, bali ni kwa panga, usiku, mlangoni pa mtu anayejulikana kwa jina lake. Hapa pana jambo gumu, na msomaji wa pwani asilipite mbio.

Bibi kizee mjane amekaa jikoni kwake miaka arubaini, akipika kwa kuni na kwa mavi makavu ya ng'ombe, na moshi umemwingia machoni hata macho yamekuwa mekundu. Mtoto wa jirani akaugua akafa, au ng'ombe wakafa, au liko shamba ambalo mrithi analitaka na ajuza huyu bado yu hai. Mtu akaenda kwa mganga, mganga akapiga ramli, na ramli ikasema mchawi ni mtu mzima wa karibu, mwenye macho mekundu. Tangu saa ile yule ajuza hana tena jina lake. Hasemwi tena kuwa ni nyanya ya fulani, wala ni yule aliyewazalisha wake wa kijiji, ni mchawi. Na akiisha kuwa mchawi, wauaji hupatikana kwa ujira, na majirani husikia kelele wasifungue milango. Serikali ilipofanya uchunguzi wa mambo haya, ikakuta ya kuwa baina ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika mikoa ya Tanzania bara kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Mwanza na Shinyanga, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wakati ule Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga.

Kisha, kuanzia mwaka 2007 au karibu yake, ikazidi balaa nyingine, nayo ni kuwaua watu wenye ualbino ili viungo vyao viuzwe kwa waganga, kwa dai kwamba huleta utajiri. Katika mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ikatangaza tena kuwapiga marufuku wapiga ramli. Katikati ya miaka hiyo, mwezi wa Mei 2014, mwanamke mmoja mwenye ualbino akauawa katika mkoa huu huu wa Simiyu, na waganga wakakamatwa kwa sababu yake. Basi msomaji na alitazame neno lililowatangulia wauaji. Watu hawa waliitwa zeruzeru, na ikasemwa tangu zamani ya kuwa zeruzeru hafi kama watu wafavyo, bali hutoweka tu. Ni uwongo ulio wazi, kwani makaburi yao yapo; lakini uwongo huu ulifanya kazi kubwa. Mwenye kuamini kwamba fulani hafi, humwona je kuwa ni mtu wa kuuliwa? Amekwisha kumtoa katika hesabu ya watu kabla hajalinoa panga.

Na hili ndilo lililoelezwa katika kisa kingine cha Japani, ambacho vijana wa leo wanakijua kuliko wazee wao wanavyodhani, nacho ni Attack on Titan. Alikitunga Hajime Isayama kwanza katika vitabu vya michoro tangu mwaka 2009, kisha kikafanywa picha za kwenda tangu 2013 hata 2023. Mwanzoni pana majitu yanayokula watu, na mashujaa wanayakata shingo, na mtazamaji hufurahi kila jitu liangukapo. Baadaye hudhihirika ya kuwa majitu yale ni wanadamu waliogeuzwa, na wale mashujaa hujitazama mikono. Tena hudhihirika ya kuwa ng'ambo ya bahari kuna taifa linalowafundisha watoto wake kwamba watu wa kisiwa kile wote ni mashetani. Msichana mmoja wa ng'ambo, Gabi, aliyelelewa juu ya neno hilo, akamwua askari wa kisiwani aitwaye Sasha. Kisha mizunguko ya vita ikamtupa katika nyumba ya wazazi wa Sasha wenyewe, nao wakamlisha na kumlaza bila ya kumjua. Khabari ilipofichuka, baba wa maiti akataka apewe kisu, na waliokuwapo wakadhani atalipiza. Akakipokea, akakitua. Akasema maneno ambayo maana yake ni kuwa watoto hawana budi kutolewa katika pori hili la kuuana, na kwamba mzigo wa makosa ni wa wazee waliowatia humo.

Muislamu akilisikia hili hastaajabu, kwani sharia imempa walii wa aliyeuawa haki ya kisasi, kisha ikamsifia kusamehe. Na aliyesamehewa ameitwa ndugu wa msamehevu, hali ya kuwa damu bado mbichi. Lakini haki ile ya kisasi ni ya hukumu na kadhi na ushahidi. Si ya mpiga ramli, wala si ya kijana mwenye panga aliyelipwa.

Kisa hiki kina aibu yake pia, nayo isifichwe. Shujaa wake, Eren, huishia kuyaachilia majitu yaikanyage dunia, na sehemu kubwa ya wanadamu wakafa. Mtunga kisa hakusema kwamba amefanya vyema, lakini wako vijana wanaomshangilia, kwa sababu michoro ile ni mizuri na ngoma yake hupandisha damu. Katika miji yetu, na Bariadi ni mmoja wapo wa namna hiyo, vijana huzoea kutazama picha katika vibanda vya video ambamo mtu husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe; na siku hizi simu imekuwa kibanda cha kila mtu mfukoni mwake. Msimuliaji mwenye mzaha aweza kuugeuza msiba ukawa kichekesho kwa neno moja tu, na mama anayemlilia mwanawe akachekwa na chumba kizima.

Pengine mtu wa pwani, akifika hapa, atajipangusa na kusema ya kuwa hayo ni mambo ya bara. Na akumbuke Kibiti na Rufiji na Mkuranga, ambako viongozi wa vijiji na askari waliuawa mmoja baada ya mmoja, na ambako mwezi wa Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Na nchi ile ni ya misikiti. Na akumbuke lile neno lipigwalo kelele katika masoko ya miji ya pwani, neno "mwizi", ambalo likiisha kutamkwa kwa sauti kubwa hapana aulizaye jina la baba wa yule kijana, wala kama ni kweli ameiba, mpaka amekwisha kuchomwa na tairi. Baina ya neno hili na lile la "mchawi" kuna tofauti gani?

Usama bin Zaid, Mungu amridhie, alikuwa kijana mpenzi wa Mtume. Akapelekwa vitani, akamkabili mtu wa upande wa adui; na alipomwinulia silaha, yule mtu akatamka shahada. Usama akamwua, kwa kudhani ya kuwa ameitamka kwa kuogopa upanga tu. Khabari ikamfikia Mtume (s.a.w.), naye akamwuliza kama alikuwa ameupasua moyo wa yule mtu akajua kilichomo, akakariri na kukariri lile swali, hata Usama akatamani kwamba laiti angekuwa ameingia katika Uislamu siku ile ile. Na izingatiwe ya kuwa aliyeuawa alikuwa ametoka kuwapiga Waislamu dakika ile, silaha i mkononi mwake. Ikiwa huyu hakuruhusiwa kuhukumiwa kwa yaliyo moyoni, ni nani aliyempa mganga wa ramli ruhusa ya kuusoma moyo wa ajuza kwa wekundu wa macho yake? Tena imesihi ya kuwa lilipita jeneza Mtume akasimama. Akaambiwa ni jeneza la Myahudi, naye akawauliza kama hiyo nayo si nafsi.

Basi baba akaaye na mwanawe mbele ya picha hizi ana kazi ndogo, wala si ya kuvunja kioo. Mtu akiuawa katika picha, na amwulize mtoto aliyeuawa alikuwa nani, ana mama, na nani atamzika. Katika picha nyingine mtoto atajibu upesi, kwani mchoraji amemwonyesha. Katika nyingine hatakuwa na la kujibu, kwa sababu waliouawa hawakupewa nyuso, wamechorwa kama sisimizi. Na picha ya namna hiyo ndiyo ya kumtoa mbele yake.

Na wenye kuchora wenyewe wanaijua khatari hii. Katika mwaka 2008 Ari Folman, Mwisraili aliyekuwa askari katika vita vya Lebanoni, alitoa filamu ya kuchorwa iitwayo Waltz with Bashir, juu ya mauaji ya Wapalestina wa Sabra na Shatila ya mwezi wa Septemba 1982. Waliochinja ni wanamgambo wa Kifalanji, na majeshi ya Israili yalikuwa yameizunguka kambi na kuwarushia wauaji fataki za mwanga usiku. Filamu nzima yamhusu askari anayetafuta kumbukumbu zake, na Wapalestina humo karibu hawasemi neno. Wengi wamemlaumu kwa hilo, na lawama ni ya haki. Lakini mwishoni, kwa muda mfupi, rangi na michoro hukatika ghafula, na badala yake huja picha za kweli zilizopigwa asubuhi ile kambini: wanawake wanapita wakilia baina ya kuta zilizobomoka, na maiti wamelala njiani, na mtoto amefunikwa na kifusi hata hauonekani ila uso wake na nywele.